Gunia Lililotangulia Harusini

Katika hafla ya kumuaga Mwalimu Kasiani, watu watatu walisimama kusimulia kisa cha gunia, na wote watatu walikosea. Wa kwanza alisema gunia lilikwenda Mang'ula. Wa pili alisema simu zilikuwa ishirini. Wa tatu, ambaye siku ile hata hakuwepo, alijiweka katikati ya kisa akawa yeye ndiye aliyelifungua. Ukumbi ulicheka, Mwalimu mwenyewe akacheka hadi akavua miwani akaifuta, na mimi nikala kuku wangu nimenuna. Nina ugonjwa huo: sivumilii jambo nililoliona kwa macho yangu lisimuliwe ovyo. Mume wangu husema ningefaa kuwa karani wa mahakama. Basi tangu nirudi kutoka Ifakara kisa hiki kimenikaa kooni, na leo nimeamua kukiandika kama kilivyokuwa. Si kwa ajili ya gunia. Ni kwa sababu wasimulizi wote watatu walisahau kwamba siku ile tulikuwa na mtu anayetaka kuacha chuo, ameshafunga begi lake, na mtu huyo alikuwa akilala chumba kimoja na mimi.

Mwaka huo wa pili wa chuo tulipanga Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini, mimi na Tausi, nyumbani kwa Mama Oswini. Kilikuwa chumba cha uani chenye vitanda viwili vyembamba, meza moja ya kusomea ambayo hatukuisomea, na soketi moja. Soketi hiyo ndiyo iliyokuwa sebule yetu. Tuliisogelea kama watu wanavyosogelea jiko asubuhi ya baridi, kila mmoja na waya wake, na aliyewahi kurudi kutoka darasani ndiye aliyechaji kwanza. Dirishani palikuwa na wavu, na nje ya wavu Mama Oswini alikuwa akianika mpunga kwenye turubai, akiugeuza kwa mguu taratibu huku akiwafokea kuku wa jirani kama watu wazima wasio na adabu. Mpunga unaoanikwa una harufu yake, ya vumbi tamu, na hadi leo nikiisikia popote nakumbuka uvivu. Maana sisi tulikuwa ndani, tumelala chali, simu usoni. Kioo cha simu yangu kilikuwa na ufa uliopita katikati ya uso wa kila mtu niliyemtazama. Tulitumiana ujumbe ndani ya chumba hicho hicho. Sitanii. "Fulge, maharage yanaungua," Tausi aliniandikia siku moja kutoka kitandani kwake. Nikamjibu kwa kikatuni kinacholia, maharage yakaungua kweli, na jioni ile tukala wali kwa parachichi.

Nikifikiria sasa, nikiwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu ninazojua zilipo, sioni kwamba tulikuwa watu wabaya. Tulikuwa vijana, bando la usiku lilikuwa rahisi, na kila tuliyemjua alikuwa huko ndani ya simu akitungoja. Nilichokuwa sikijui ni kwamba nilikuwa na huzuni. Nilidhani huzuni ni kulia. Yangu ilikuwa kutazama picha za wasichana niliosoma nao sekondari, mmoja amekaa na keki, mwingine ameegemea gari la mtu, kisha kuitazama sahani yangu na kuiona imenikosea. Na sahani ile ilikuwa na perege! Mama Oswini aliwakaanga wakakauka mpaka mapezi yakawa kama bisi, akawakamulia ndimu, akatusukumia bakuli mlangoni bila kuombwa. Nilikula samaki wale mwaka mzima na siwezi kusema niliwaonja. Hilo linaniuma kuliko mitihani niliyoharibu.

Tausi alikuwa mtoto wa kijiji cha Mofu, kando ya mto, msichana mrefu mwenye akili kali na kicheko cha kuanguka. Alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kusimama mbele za watu. Muhula wa kwanza aliitwa kuwasilisha kazi ya kikundi chetu kuhusu lishe ya watoto. Alisimama, akafungua mdomo, maneno hayakutoka. Ulikuwa muda mfupi tu kabla hajaanza, lakini mwenzetu mmoja alikuwa ameshainua simu. Sitamtaja, siku hizi ni baba wa watoto wanaomsumbua vya kutosha. Kabla hatujafika kantini, picha ya Tausi, mdomo wazi, macho yamemtoka, ilikuwa imetumwa kwenye kundi la darasa, na chini yake pameandikwa: "Inatafuta mtandao…" Tangu hapo picha ile ikawa jibu la kila kitu. Umeme ukikatika, picha ya Tausi. Mhadhiri akichelewa, picha ya Tausi. Mtu akiuliza swali gumu kundini, picha ya Tausi. Wakamwita Mtandao. Naye alicheka nao, akituma vikatuni vya kucheka hadi machozi, mstari mzima. Kwa hiyo nilidhani limekwisha.

Mwalimu Kasiani ndiye aliyekuwa mlezi wa wanafunzi. Mnene, mpole, mwenye kutokwa jasho hata mwezi wa saba, na mwenye imani kwamba hakuna jambo lisilotengenezeka watu wakikaa chini. Alikuwa amekwenda Morogoro kwenye semina, akarudi na kitu alichokiita mafunzo ya utulivu makini. Alibandika tangazo: kwa wanafunzi wasiolala vizuri, wasioweza kusoma ukurasa mmoja bila kushika simu, na wenye mawazo. Chuo kizima kingefaa, lakini tulijitokeza wachache, wengine kwa sababu walisikia kuna soda. Tulikutana Ijumaa mchana katika chumba cha mikutano chenye feni inayolia. Alitufundisha kukaa wima, kuifuata pumzi inavyoingia na kutoka, na akili ikikimbia kuirudisha bila kuitukana. Alitugawia karanga, kila mtu punje moja, akatuambia tuitafune polepole kama hatujawahi kuona karanga. Jamaa mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi yangu nimemeza. Naomba nyingine nirudie zoezi." Lakini somo lake kubwa lilikuwa la mkono. "Ukiuona mkono unaelekea kwenye simu," alisema, "usiupige. Uangalie tu, halafu uuulize: mkono, unakwenda wapi?" Wiki ile chuo kizima kiliulizana hivyo. Ukifungua mlango wa choo, mtu nje anakuuliza, mkono, unakwenda wapi?

Nyumbani tulipata upinzani. "Hebu nielewesheni vizuri," Mama Oswini alisema, amekaa kwenye kigoda akichambua mchele kwenye ungo. "Mnalipa ada, mnakwenda chuo kikuu, mnafundishwa kupumua?"

"Kupumua kwa kujua unapumua, Mama," nikasema.

"Mimi nimezaa watoto sita. Najua kupumua." Akapepeta. "Tausi, mwanangu, na wewe Mwislamu unakwenda? Isije ikawa dini ya watu."

"Si dini, Mama. Tunakaa kimya tu."

"Kukaa kimya ni jambo jema," akasema Mama Oswini baada ya kufikiri. "Hapo mngekuja kwangu mngefundishwa bure." Lakini nilimwona jioni ile, akidhani hatumwoni, amekaa wima kwenye kigoda, macho amefumba, ungo mapajani, anapumua kwa nguvu mpaka pumba zinaruka.

Sasa nije kwenye Ijumaa yenyewe. Mwalimu alitupanga wawili wawili, nikaangukia kwa Tausi. Zoezi: mmoja azungumze, mwenzake asikilize. Asijibu, asitikise kichwa, asitoe ushauri, mpaka meza igongwe. Mimi ni msemaji kwa kuzaliwa, nikaona hili litakuwa la mateso, na kweli likawa, ila si kwa namna niliyotazamia. Tausi alinyamaza kwanza. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayekuagiza chumvi dukani: "Fulge, Jumatatu asubuhi naondoka na gari la Mofu. Sirudi tena." Akaendelea kuniangalia. "Silali. Nikilala naamka kuangalia kama wameituma tena. Wakiwa wameituma naumia. Wakiwa hawajaituma nangoja waitume. Sasa tumekaribia kwenda kwenye mazoezi ya vitendo, nitasimama mbele ya akina mama kliniki niwafundishe, na najua nitafungua mdomo na hakitatoka kitu. Usiniambie ni picha tu. Najua ni picha tu. Begi nimeshafunga, liko chini ya kitanda. Na usimwambie mtu."

Begi lilikuwa chini ya kitanda kilicho hatua mbili kutoka changu, nami sikuliona. Nilikuwa naruhusiwa kusikiliza tu. Sijawahi kubanwa na kimya namna ile; maneno yalinijaa mpaka masikioni, ya kubembeleza, ya kugomba, ya kumlaani aliyepiga picha, na yote yakakaa ndani. Kwa kuwa sikuweza kuandaa jibu, nilibaki nikimtazama, nikaona vivuli chini ya macho yake, nikaona amekonda. Tulikuwa tumekaa naye tangu mwezi wa kumi. Meza ikagongwa, zamu yangu ikafika, na mimi mwenye maneno yote yale nikasema neno moja: "Usiende."

Mwisho wa kipindi Mwalimu akatangaza jaribio: tangu jioni ile mpaka Jumapili jioni, wanaojiweza wakabidhi simu. Tulijiweza wanane pamoja na yeye mwenyewe. Tausi alikubali upesi kuliko wote, na mimi peke yangu nilijua kwa nini. Mtunzaji akachaguliwa Mama Oswini, kwa kuwa ilijulikana mtaa mzima kwamba kitu kikiingia mikononi mwake hakitoki bila ruhusa. Alizipokea kwa heshima zote, akazizima moja moja, akaongeza na kitochi chake, kile kisimu cha vitufe. "Na mimi nipumzike," alisema. "Wanangu wa Dar, kila siku, mama tutumie mchele, mama tutumie mchele. Nao wapumue kidogo." Akaingia stoo, akafunga mlango, akatoka akipangusa mikono. Hatukuuliza ameziweka wapi. Kwa mtu wa bonde lile la mpunga hilo halikuwa na haja ya kuulizwa. Mayai, hati ya kiwanja, ndizi zinazoivishwa, pete ya marehemu, vyote hulala ndani ya gunia la mpunga, chini kabisa, ambako mwizi angelazimika kumwaga gunia zima ili avipate.

Jumamosi asubuhi Mama Oswini alikwenda kwenye sala za jumuiya. Aliporudi alipita moja kwa moja stoo, na kelele aliyopiga iliwatoa kuku wa jirani uani bila kufukuzwa. Kulikuwa na magunia mawili. Moja, lililoshonwa mdomo, lilikuwa zawadi ya harusi: binti wa kaka yake alikuwa akiolewa siku hiyo hiyo katika kijiji cha Kisawasawa, naye hakuweza kwenda kwa sababu ya goti, kwa hiyo dereva wa lori angepita kulichukua. Lingine, lililo wazi, ndilo lililokuwa na simu. Jirani akatueleza kutoka ng'ambo ya ua, kwa fahari ya shahidi: dereva alikuja sisi tukiwa sokoni, akakuta stoo imeachwa wazi kwa ajili yake, akapima yote mawili kwa macho, akaona lililo wazi limejaa zaidi, akasema shangazi mtu hawezi kutoa lile dogo, akaomba sindano ya gunia, akalishona vizuri kabisa, akaondoka nalo.

"Mpigie kaka yako," nikasema.

Mama Oswini alinitazama. "Kwa nini? Kwa kijiko?"

Hapo ndipo tulipojua jinsi tulivyo. Mwalimu Kasiani aliitwa, akaja mbio, na sote watatu, mimi, yeye na Tausi, hatukuwa na namba hata moja kichwani. Mwalimu, msomi mkubwa, hakuijua ya mke wake. Namba ya kaka yake Mama Oswini ilikuwa ndani ya kitochi, na kitochi kilikuwa ndani ya mpunga, na mpunga ulikuwa njiani kwenda kuolewa. Na jioni zawadi zote zingepakiwa kwenda kwa bwana harusi, Kilosa. Mwalimu alivuta pumzi, akaishusha, akavuta nyingine. Nikaona mafunzo yanafanya kazi kwa shida. "Tunakwenda," akasema. Mama Oswini alifungua khanga yake ya juu, ile ya zambarau aliyoivaa kila Jumapili, akamfunga Tausi mabegani kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. "Watawaaminije kwamba nimewatuma? Hii ukoo mzima wanaijua. Nendeni, na mkale vizuri, msinitie aibu."

Mwalimu alikuwa na kigari kidogo cha zamani ambacho kuwaka kwake kulihitaji majirani. Tulisukumwa mpaka barabara kuu. Barabara yote mkono wangu ulikuwa ukienda mfukoni na kurudi mtupu, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nao, nilichungulia nje. Nimepita njia ile mara ngapi sijui, lakini siku hiyo ndiyo niliyoiona milima ya Udzungwa ikitusogelea upande wa kushoto, kijani juu ya kijani, na wingu limekaa begani pake. "Kumbe ipo karibu hivi," nikasema. Tausi akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa mdomo baada ya siku nyingi.

Kisawasawa tulifika watu wameshatoka kanisani. Turubai zimetandwa juu kuleta kivuli, spika zinanguruma, masufuria ya pilau yamefunikwa kwa majani ya migomba, na mzee wa Kiislamu aliyechinja ng'ombe amekaa kiti cha mbele kama waziri, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Tulishikishwa sahani kabla hatujamaliza kusalimia. "Shikamoo, mama, sisi tumekuja kwa ajili ya gunia," nilianza, mama wa kamati akanijibu, "Marahaba mwanangu, kula kwanza." Na lile gunia tuliliona: mbele kabisa, miguuni pa maharusi, limefungwa utepe mwekundu. Mwalimu alimnong'oneza yule mama shida yetu. Akashtuka kama tumemwomba afungue jeneza.

"Zawadi ya shangazi ifunguliwe kabla haijatolewa? Mnataka kumtia binti mkosi? Ngojeni itolewe. Ikishatolewa, mtajua wenyewe na maharusi."

"Nani anaitoa?" Mwalimu akauliza.

Mama wa kamati alimwangalia Tausi, kisha khanga ya zambarau. "Si huyo hapo? Aliyevaa khanga ya shangazi ndiye shangazi kwa leo. Atasema neno, zawadi itapokelewa."

Niliacha kijiko. Nilimwangalia Tausi, naye alikuwa ameshika sahani kwa mikono miwili. "Mpe Fulge khanga," alisema kwa sauti ndogo. Nikanyoosha mikono, lakini mama wa kamati alimkaza mafundo mabegani akasema khanga ya shangazi haihami mtu mmoja kwenda mwingine kama mpira. Na wakati huo huo mshereheshaji akaita kwenye kipaza sauti, kwa madaha yote: "Zawadi ya shangazi kutoka Ifakara! Shangazi, sogea! Wenye shangazi wao waje naye!"

Tulikwenda mbele tukicheza, maana huwezi kwenda mbele harusini kwa kutembea. Mwalimu Kasiani alicheza vizuri kuliko nilivyotazamia. Kipaza sauti kikatiwa mkononi mwa Tausi, muziki ukazimwa, watu wakageuka. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Ilikuwa picha ile ile, mdomo ule ule, macho yale yale. Niliwaza: hapa ndipo anapotuacha kabisa, hapa, mbele yangu. Nilimgeukia Mwalimu amwokoe. Hakumwokoa, hakujua kitu kuhusu begi, lakini alisimama tu pembeni yake, mikono nyuma, akipumua. Kimya kikaendelea. Kilikuwa kirefu kuliko cha darasani, tena kirefu mara nyingi.

Kisha nyuma, mahali pa wapishi, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Akafuatwa na wa pili. "Mwacheni!" mtu akasema. "Amejaa, huyo. Shangazi amejaa moyo!" Wakapiga vigelegele upande mzima, na bibi mmoja mfupi akaja akicheza mpaka mbele, akamfuta Tausi jasho la uso kwa ncha ya khanga ile ile, akarudi kukaa. Hakuna aliyeona mtu aliyekwama. Waliona mtu mwenye jambo kubwa la kusema, wakamngoja. Nami nilimwona Tausi akiwatazama, mmoja mmoja, kama asiyeamini macho yake, kifua kikipanda na kushuka.

"Nimetumwa na shangazi," alisema hatimaye. "Goti linamuuma. Moyo haumuumi, ndio maana ameleta gunia." Kigelegele. "Amesema mpunga huu ni wa maharusi, wale, washibe, wazae." Kigelegele kirefu. "Lakini ndugu zangu, ndani ya mpunga huu kuna simu tisa. Nane zetu, na ya tisa ya shangazi mwenyewe. Mpunga ni wenu, simu ni zetu. Naomba tugawane kabla hamjapeleka mashineni."

Nimehudhuria harusi nyingi tangu siku ile na sijasikia kicheko kama hicho. Watu walishikana. Mzee aliyechinja ng'ombe aliangusha kofia. Na Tausi alisimama katikati ya kicheko hicho, akacheka kile kicheko chake cha kuanguka, ndani ya kipaza sauti. Bibi harusi hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikata utepe, akakata na uzi wa mshono, akakunja mkono wa gauni jeupe mpaka begani, akaingiza mkono ndani ya gunia, na mshereheshaji akatangaza kila kilichotoka kana kwamba ni bahati nasibu: "Ya kwanza hiyo, nyeusi! Mwenyewe yupo? Ya pili, ina ufa, maskini!" Hiyo yangu. Ya mwisho ilikuwa kitochi cha Mama Oswini, na hicho ndicho kilichopigiwa vigelegele kuliko zote. Tausi aliendelea kushika kipaza sauti. Alieleza kuhusu kozi, kuhusu karanga, kuhusu mkono unakwenda wapi. Mshereheshaji ilibidi amwombe kwa heshima akirudishe.

Siku hizi nafanya kazi kliniki ya akina mama na watoto, na nimezoea kuwauliza wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi: mkimuuliza mama swali, mnangoja muda gani kabla ya kumjibia? Hawangoji. Mimi nangoja. Wengine hudhani nimesahau nilichouliza. Nimesikia mambo mazito sana kutoka kwa watu waliokaa kimya kwanza, na kila mara ninapongoja nawakumbuka wale wapishi wa Kisawasawa, ambao hawakuwa wamehudhuria kozi yoyote.

Tulirudi kabla jua halijazama, mpunga umejaa ndani ya viatu vyetu. Mwalimu alitusihi tusiwashe simu mpaka Jumapili. Mimi, kwa aibu yangu, niliwasha kabla hatujatoka kijijini. Tausi alikaa na yake mapajani kwa muda, akautazama mkono wake, kisha naye akawasha. Meseji ziliingia kama mvua ya mawe. Picha ilikuwa imetumwa tena asubuhi ile, mtu fulani akilalamikia maji kukatika hosteli. Niliona bega lake linakaza, nikanyamaza, maana kunyamaza ndio kitu pekee nilichokuwa nimejifunza. Aliitazama muda mrefu. Aliikuza kwa vidole viwili, akasogeza karibu na uso.

"Fulge, angalia mdomo," akasema. "Hapa nilikuwa naanza kusema."

Nikaangalia. Ilikuwa kweli. Ulimi ulikuwa umeshainuka.

"Wangengoja kidogo tu," akasema, akazima simu.

Jumapili ilipita. Alifua, akaanika, Mama Oswini akamfanya asimulie hotuba yake tangu mwanzo, mara mbili, na kila alipofika kwenye goti alipigiwa makofi. Lakini begi lilibaki chini ya kitanda, zipu imefungwa, na nguo alizofua hakuzirudisha mahali pake. Alizikunja akaziweka juu ya kiti. Nililala nikiwa sijui. Kulipopambazuka Jumatatu nilikuwa macho. Nje Mama Oswini alikuwa akifagia, na barabarani gari la Mofu likaanza kupiga honi kuita abiria, honi ndefu, halafu fupi, halafu ndefu. Tausi alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma. Nilijua nikimwacha alale nitakuwa nimemwamulia. Nikakaa kitandani, nikamgusa mguu.

"Tausi. Gari lile."

Alifumbua jicho moja. Honi ikalia tena.

"Nimelisikia," akasema, akavuta shuka mpaka kichwani, akageukia ukutani. Baada ya muda kidogo akaanza kukoroma tena. Tulichelewa kipindi cha kwanza sote wawili.